Manda hadi New York: ni saa 8, saa 15 au saa 23?

BintiLangoni

Asalaam aleikum wanajamvi.

Mama anakwenda New York mwezi wa sita, inshallah, kwa kaka yangu aliyejaliwa mtoto. Ndege anayoijua ni ile ya Manda, uwanja wetu wa Lamu, kwenda Nairobi tu, alipopelekwa hospitali, na hata hiyo alifumba macho tangu inapaa mpaka inatua. Sasa kila jioni akishaswali magharibi ananiuliza swali lile lile: nitakaa juu saa ngapi? Nami nina majibu matatu, hakuna linalofanana na mwenzake.

Kaka anasema saa 8. Kaisoma kwenye tiketi: inaondoka Nairobi 23:30, inafika New York 07:30 ya kesho yake. Toa moja kwa nyingine.

Mtandaoni nimeandika Manda upande mmoja na JFK, uwanja wa New York, upande wa pili, ikaja kilomita 12,230 na muda wa saa 15 kasoro.

Kijana anayetukatia tiketi anasema jumla ni saa 23 na nusu. Tena anayo ya pili, ya kupitia Doha, saa 33, ila hiyo ni rahisi kwa kama shilingi elfu thelathini. Kaka ameing'ang'ania ya Doha. Anasema masafa ni yale yale, awe amepita huku au kule.

Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Atasafiri peke yake. Nani nimwamini? Na hiyo elfu thelathini, tuiokoe au tuitoe?

Boti_ya_Manda

Dada, ya New York waulize wenyewe. Mimi najua zile dakika kumi za kwanza, kutoka gati ya Amu, yaani mji wa Lamu, mpaka Manda, na watu wengi huzidharau.

Mwezi wa sita ni kusi, ule upepo wa kusini. Mkononi mwa bahari pale kati hapachafuki sana, lakini maji hurusha, na mtu wa makamo akilowa asubuhi atasafiri na baridi mwilini mpaka Nairobi. Mtafutie boti yenye turubai. La pili, tazameni maji. Yakiwa yamekupwa, zile ngazi za chini za gati zina utelezi, na mwenye magoti mabovu hapo ndipo anapopatia taabu, si kwenye ndege. Mwambie nahodha mapema kuna mtu mzima, atajua asogeze ubavu gani na nani amshike mkono. Ng'ambo ya pili wako vijana wa mikokoteni, mizigo wataibeba wao.

Mizigo yenyewe je? Ndege ndogo nyingi za kutoka Manda wanataka kilo 15. Huku kwenda Marekani watu wanajua wana masanduku mawili ya kilo 23. Naona kila wiki mtu anafungua sanduku pale chini, kanga na viatu nje, anatafuta wa kumrudishia nyumbani. Na mimi ndiye ninayerudi navyo.

KataTiketi_Malindi

Waaleikum salaam mwanangu. Nimekata tiketi hapa Malindi tangu zama za tiketi za karatasi, zile zenye wino mwekundu nyuma unaoshika vidoleni, kwa hivyo univumilie nikirefusha.

Wote watatu wamesema kweli. Ila kila mmoja kajibu swali lake, si la mama yako.

Kaka yako kasoma saa za ukutani. Ile 23:30 ni ya Nairobi, yaani saa tano na nusu usiku. Ile 07:30 ni ya New York, saa moja na nusu asubuhi ya kwao. Mwezi wa sita wao wako nyuma yetu kwa saa 7. Kwao ikiwa saa moja na nusu asubuhi, kwenu Langoni ni saa nane na nusu mchana, watu wameshakula wamejinyoosha. Hesabu tangu saa tano na nusu usiku mpaka saa nane na nusu mchana: saa 15. Hizo ndizo za kukaa kitini, na hizo ndizo anazouliza mama. Angekwenda Desemba tofauti ingekuwa saa 8, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, wakazirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kila mwaka wapo wanaokwenda kumpokea mgeni saa nzima mapema au saa nzima baadaye kwa sababu ya hilo.

Mtandao nao umevuta mstari tu. Unachukua kituo hiki na kile, unapima njia fupi juu ya mviringo wa dunia, unagawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haujui kama Manda hatui ndege ya kwenda Marekani. Haujui kusubiri. Wala haujui upepo.

Kijana wa tiketi ndiye aliyehesabu safari yenyewe: Manda hadi Nairobi saa moja na robo, kukaa Nairobi saa saba na robo, kisha hizo 15. Inakuja 23 na nusu. Ongeza boti, ongeza kuwahi uwanjani, ongeza foleni ya kule, na mama yako atakuwa nje ya nyumba kwa zaidi ya siku nzima. Mwambie hivyo, asiambiwe saa 8 akaja kumlaani mtoto juu ya Atlantiki.

Sasa hili la masafa ni yale yale. Chukua mpira wa mtoto, uchore bara letu na Amerika kwa kadiri ya uwezo wako, kisha uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Kwenye ramani ya ukutani ungedhani njia inapita Nigeria na Mali. Uzi unakataa, unapanda kaskazini zaidi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, halafu ndiyo bahari. Marubani huweza kukwepa nchi fulani kwa sababu zao, lakini umbo la njia ni hilo. Ni kilomita 11,840 hivi.

Kutoka Manda hadi Nairobi ni 455. Jumlisha utapata 12,295. Mtandao ulikupa 12,230 kwa mstari wa moja kwa moja. Yaani kupitia Nairobi kunamwongezea mama kilomita sitini na kitu, sawa na kutoka hapa Malindi kwenda Kilifi. Nairobi imekaa njiani hasa.

Doha haiko njiani. Nairobi hadi Doha ni kama kilomita 3,350, kaskazini-mashariki, na New York iko kaskazini-magharibi. Ni kama kutoka kwenu Langoni kumwendea mtu wa Mkomani, mtaa wa pili, kwa kupitia Shela, kijiji kingine kabisa. Kutoka Doha hadi New York ni kilomita 10,770 hivi. Jumla 14,120. Mmeongeza kilomita 2,300 kwa kumpeleka mtu kusikomhusu, na ajabu ni kwamba mguu wa pili peke yake unakaribia kuwa mrefu kama safari nzima ya moja kwa moja. Kwa kijana anayetafuta bei, sawa, hata mimi nilikuwa nikiwauzia. Kwa mama wa miaka 67 mwenye magoti, anayesafiri peke yake bila lugha, hiyo elfu thelathini itoeni. Mkiwa hamnayo, kaka aiongeze, yeye ndiye mwenye mtoto.

Hii ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways, kwa Boeing 787. Kabla ya hapo hapakuwa na namna, kila mtu alikuwa lazima ateremke mahali. Safari ndefu namna hiyo inakwenda na marubani wanne, wanapokezana kulala.

Na tazama tiketi ya Manda kwa herufi zake. LAU ni Manda. Je, inakotua ni NBO au WIL? NBO ni Jomo Kenyatta, kule Embakasi, na ndiko ndege kubwa inakoondokea. WIL ni Wilson, barabara ya Lang'ata. Ikiwa ni WIL basi mama atatoka nje, achukue gari, avuke jiji na foleni zake na masanduku yake. Mtafutie inayotua NBO. Hii ni muhimu kuliko kilomita zote nilizoandika hapo juu.

Fundi_Shela

Mzee nimekuelewa, lakini kuna kitu kimoja hakiniingii. Nimeona tiketi ya kurudi ni saa 14, pungufu ya kwenda. Dunia si inazunguka kwenda mashariki? Ukienda magharibi, New York yenyewe si inakujia? Ilipaswa kwenda kuwe kufupi kuliko kurudi.

KataTiketi_Malindi

Fundi, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda mashariki zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kama hewa ingekuwa inabaki nyuma, Shela pasingebaki paa la makuti hata moja. Ndege imo ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo mzunguko wa dunia hauipunguzii wala hauiongezei safari.

Kinachofanya tofauti ni upepo, na wewe mtu wa pwani ndiye hukupaswa kuuliza. Huko juu, kilomita 10 hivi kutoka chini, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki. Juu ya Afrika Kaskazini upo, juu ya Atlantiki ya kaskazini upo, na wakati wa baridi ya kwao huzidi ukali. Kuvuka kilomita 150 kwa saa si ajabu, na siku nyingine unazidi mara mbili ya hapo. 787 inakwenda kama 900 kwa saa ndani ya hewa. Gawa 11,840 kwa 900, unapata saa 13 na kidogo. Weka kupaa, kutua, kupinda njia, kisha weka upepo usoni: 15. Kurudi upepo uko mgongoni, basi 14. Ratiba wameshaiwekea nafasi ya siku mbaya, ndiyo maana siku nyingine ndege inawahi na rubani anajisifu kwenye kipaza sauti.

Baharini nako ni hivyo hivyo. Ule mnara wa Vasco da Gama, baharia Mreno, hapa Malindi watu wanapiga picha tu. Yule mtu aliondoka hapa tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapa hapa, kusi likianza, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshafika Calicut, India. Zaidi ya kilomita 4,000, chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakungoja kaskazi, upepo wa kaskazini. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, upepo haujageuka, akaingia tena Malindi tarehe 7 Januari 1499, miezi mitatu, na mabaharia wamekufa kwa wingi njiani. Bahari ni ile ile, masafa yale yale. Nahodha yeyote wa Amu angemwambia asubiri.

MwanaAmu_NJ

Wifi yangu BintiLangoni (kaka yako atanijua nikimtajia mtaa), hongereni kwa mtoto. Mimi ni wa Mkomani, niko New Jersey, wageni wa kutoka nyumbani wanaoteremka JFK wengi hupitia mikononi mwangu.

Namuunga mkono mzee wa Malindi kuhusu Doha, si kwa kilomita lakini. Shangazi yangu alipitia uwanja mmoja wa Ghuba, kubadilisha ndege, saa tisa za kungoja. Alikaa kwenye kiti kile kile alichoachwa, begi mapajani, hakwenda hata chooni, kwa kuogopa akinyanyuka hatapaona tena. Maji alikuwa nayo, hakunywa, ili asihitaji choo. Alipofika hapa miguu imevimba mpaka viatu tulivikata. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, zile saa za hewani si tatizo. Hewani amefungwa mkanda, chakula kinaletwa, choo anakiona. Tatizo ni zile saa za katikati.

Mtakapokata tiketi agizeni kiti cha magurudumu, sasa hivi, si siku ya safari. Ni bure. Msimwachie aone haya kwamba yeye si mlemavu. Anayesukuma kile kiti ndiye atakayempitisha Nairobi kutoka jengo moja hadi jingine, na hapa JFK atamfikisha mpaka kwa ofisa wa pasipoti na kumtoa nje kwenye masanduku. Foleni ya hapa asubuhi ndege zikishuka pamoja inaweza kumaliza saa mbili, na hakuna pa kukaa.

Andikeni karatasi kwa Kiingereza: jina la mwanawe, namba ya simu, anwani kamili ya nyumba, amekuja kumwona mjukuu, atarudi tarehe fulani. Aiweke ndani ya pasipoti. Ofisa ataziuliza hizo hizo.

Halua alete, nyingi, haina neno. Achari nayo. Maembe mabichi asithubutu, wala nyama ya aina yoyote, hata ikaushwe vipi. Na chochote cha kula akiulizwa aseme kipo. Anayesema hana kisha kikaonekana ndiye anayetozwa faini. Samli na mafuta ya nazi yaende kwenye sanduku kubwa, mkononi hawaruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100. Lakini kumbuka kilo 15 za yule wa boti.

BintiLangoni

Allah awalipe kheri. Kaka nimemtumia haya yote, amenyamaza, nadhani atatoa hela.

Mawili yamebaki. Mama anauliza swala ya alfajiri ataiswali saa ngapi, maana anaondoka usiku na anafika asubuhi. Na tiketi ya Manda kijana amesema tuinunue mbali, kampuni nyingine, ni rahisi zaidi. Kuna ubaya?

KataTiketi_Malindi

La pili kwanza, maana linauma zaidi. Tiketi mbili mbali mbali maana yake kampuni ya pili haimjui wa kwanza. Ndege ya Manda ikichelewa kwa mvua, na mwezi wa sita mvua bado ipo, ndege kubwa itaondoka na watasema abiria hakutokea. Ikiwa zote ziko kwenye tiketi moja, ni juu yao kumtafutia nyingine. Ikilazimu kununua mbali, asiondoke Manda saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo. Aje Nairobi jana yake, alale kwa jamaa. Na mkinunua mbali ule mzigo atauchukua mwenyewe Nairobi na kuukabidhi upya, jambo ambalo kwa magoti yale silitaki.

La alfajiri. Hukumu ya swala ya msafiri muulizeni shehe wenu, mimi nitakupa jua. Anapokwenda magharibi usiku, anaukimbia mchana, kwa hiyo usiku wake unarefuka. Lamu ikiadhiniwa alfajiri, yeye atakuwa juu ya jangwa, giza totoro, na alfajiri ya pale bado. Kwa hesabu yangu jua litamchomozea juu ya Atlantiki, Lamu ikiwa karibu saa tatu asubuhi. Basi saa yake ya mkononi isimdanganye. Wamwekee kiti cha dirishani, au amwombe mhudumu amwonyeshe ile ramani kwenye kioo cha mbele yake. Weupe ukianza kuonekana upande wa nyuma wa ndege ajue wakati unaingia. Qibla nayo iko huko huko nyuma, mashariki. Wengi huswali wamekaa.

BintiLangoni

Nimemsomea. Ameridhika na saa 15. Ila ameuliza kama katikati wanasimama kidogo, watu wanyooshe miguu.

KataTiketi_Malindi

Hawasimami. Kiti cha dirishani kifute basi, mwekeni cha pembeni kwenye ujia ili asimsumbue mtu kila akinyanyuka. Atembee mpaka nyuma na kurudi kila baada ya saa mbili asipokuwa amelala, anywe maji bila kuogopa choo, na soksi za kubana zinauzwa kwenye duka la dawa. Weupe wa alfajiri ataulizia kwa mhudumu.